Ng'ombe, Samadi na Ukuta: Wakulima Wachoraji na Taswira za Shamba katika Ngara, Biharamulo na Nchi Jirani

Utangulizi

Historia ya uchoraji nchini Tanzania imeandikwa kwa kiasi kikubwa kutokea Dar es Salaam. Msomaji anayeifuatilia huanza na Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru aliyepata kufanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanga kabla ya kuhamia mjini, ambaye mwaka 1968 alianza kuchora wanyama na ndege kwa rangi za baiskeli juu ya vipande vya mbao laini za dari. Kutoka hapo huelekezwa kwa Sam Ntiro na wasomi wa Makerere, kisha kwa wachoraji wa maduka ya watalii. Mikoa ya pembezoni huonekana katika simulizi hiyo kama mahali wanapotoka wachoraji, si mahali panapochorwa.

Ngara na Biharamulo, wilaya mbili za kusini mwa Mkoa wa Kagera, zimeathiriwa na mtazamo huo kuliko sehemu nyingi. Zinajulikana kwa mambo mawili: mpaka na wakimbizi. Insha hii inaziangalia kwa jicho lingine. Inazichukulia kama sehemu ya eneo ambamo mkulima asiyelipwa kwa uchoraji, aghalabu mwanamke, alipamba ukuta kwa vitu vya shambani na zizini, kisha akaletewa, ndani ya karne moja, picha za shamba zilizochorwa na watu wengine kwa makusudi mengine. Hoja inayotetewa ni kwamba neno "mchoraji wa ridhaa" halitoshi kumweleza mtu huyo, kwa sababu linapima kazi yake kwa soko ambalo hakuliendea.

Mto na mipaka

Wilaya ya Ngara iliundwa kutokana na nchi mbili za kale, Bugufi ya Wahangaza na Bushubi ya Washubi. Bugufi ilikuwa chini ya mwami wa Burundi, na Kihangaza hadi leo kinasikilizana vyema na Kirundi. Karibu na maporomoko ya Rusumo, mto Ruvubu unaotoka Burundi unakutana na Nyabarongo unaotoka Rwanda, na hapo ndipo Kagera inapopata jina lake.

Mwaka 1919, Milner kwa niaba ya Uingereza na Orts kwa niaba ya Ubelgiji walikubaliana kugawana Afrika Mashariki ya Wajerumani. Rwanda na Urundi zilikwenda kwa Wabelgiji, isipokuwa ukanda wa mashariki ambao Waingereza waliutaka kwa ajili ya reli waliyoiota kutoka Rasi hadi Kairo. Gisaka, nchi ya kale iliyokuwa na wafalme wake kabla ya kumezwa na Rwanda katikati ya karne ya 19, iliangukia ndani ya ukanda huo. Kuanzia 1922 ilitawaliwa pamoja na Tanganyika. Mwanzoni mwa 1924 ilirudishwa Rwanda baada ya malalamiko ya mfalme na wamisionari. Bugufi haikurudishwa Burundi. Reli haikujengwa.

Tukio hili fupi lina uzito katika historia ya sanaa. Gisaka ndiyo nchi inayotajwa kuwa chimbuko la imigongo, nakshi za ukutani zinazofinyangwa kwa samadi ya ng'ombe, nayo imetazamana na Ngara ng'ambo ya mto tu. Kwa muda usiofika miaka miwili, kuta za pande zote mbili zilikuwa chini ya utawala mmoja wa Waingereza. Tangu hapo, kinachoandikwa kuhusu imigongo huitwa sanaa ya Rwanda na kuishia Rusumo, kana kwamba mwanamke anayesiriba sakafu kwa samadi aliulizwa uraia wake kwanza. Mipaka ya makumbusho ilifuata mipaka ya utawala, na eneo moja la mgomba, mtama na ng'ombe wa pembe ndefu likagawanywa katika rafu mbili.

Hali ya Biharamulo ilikuwa tofauti kidogo. Nchi hii ilifahamika kwa wasafiri wa karne ya 19 kwa jina la Usui. Speke na Grant walipita huko mwaka 1861 na kucheleweshwa na mtawala wake, Suwarora, aliyedai hongo ya njia. Wajerumani walijenga boma Biharamulo, nalo lingali limesimama. Lakini kabla boma halijazoeleka, sotoka ya miaka ya 1890 iliua ng'ombe katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki. Palipokosa mifugo na watu wa kufyeka, pori lilirudi. Pori lilikuja na mbung'o, na mbung'o walileta malale. Serikali ya Waingereza ilijibu kwa kuwahamisha watu wa nchi za magharibi mwa Tanganyika na kuwakusanya katika makazi ya pamoja ili pori likatwe kwa mpango. Kwa hiyo Biharamulo iliingia katika karne ya 20 ikiwa na pori kubwa na ng'ombe wachache, na sanaa inayotegemea samadi haiwezi kutenganishwa na historia ya mifugo. Ng'ombe akiondoka, ukuta nao hubadilika.

Ukuta uliofanywa kwa shamba

Ufundi wa imigongo unastahili kuelezwa kwa kina kwa sababu maelezo yake ndiyo hoja yenyewe. Samadi, hasa ya ndama, huchanganywa na jivu ili isinuke wala kuleta wadudu. Mwanamke huichukua kwa vidole na kuifinyanga juu ya ukuta uliokandikwa, akiinua mistari myembamba inayofuatana: pembe za kukunjana, misumeno, mizunguko. Mistari ikikauka, hulainishwa kwa jiwe na kupakwa rangi. Nyeupe hutokana na udongo mweupe. Nyekundu hutokana na udongo mwekundu. Nyeusi ndiyo yenye kazi: utomvu wa mshubiri huchanganywa na jivu la maganda ya ndizi na tunda la jamii ya ndulele. Neno imigongo halihitaji kufasiriwa kwa msemaji wa Kiswahili. Ni migongo, kwa maana ya mistari iliyoinuka. Mkulima angeweza pia kuiita matuta.

Simulizi za Gisaka huutaja ufundi huu kuwa ulianzishwa na Kakira, mwana wa mfalme Kimenyi, aliyetaka kuipamba nyumba yake. Simulizi za aina hiyo hupatikana kila mahali ambapo kazi ya wanawake wengi imedumu muda mrefu kiasi cha kuhitaji mwanzilishi, naye akapatikana mwanamume wa ukoo wa kifalme. Hazipaswi kudharauliwa, kwa kuwa zinaonyesha kwamba ufundi ulikuwa na heshima ya ikulu. Lakini waliouendeleza walikuwa wanawake wa kawaida waliokuwa na mashamba ya kupalilia.

Je, nakshi hizo ni picha za maisha ya shamba? Kwa macho ya mtu aliyezoea picha zenye watu na nyumba, sivyo. Hakuna jembe ndani yake, wala mtu anayevuna. Hata hivyo, kila kitu kilichomo kimetoka shambani na zizini: ndama, mgomba, jivu la jikoni, udongo wa kilimani. Ni vigumu kupata sanaa iliyo ya kilimo zaidi ya hiyo. Tofauti ni kwamba haionyeshi shamba bali inafanywa kwa shamba, na anayeitazama anatakiwa kuijua kazi ili aione. Wengi wa waliokuja kuandika juu ya sanaa ya Kiafrika hawakuijua kazi hiyo, hivyo waliona "mapambo" tu. Kusiriba kuta na sakafu kwa samadi ni kazi ya kawaida ya wanawake katika nchi zote za Maziwa Makuu, Ngara na Karagwe zikiwemo. Nakshi ni kazi hiyohiyo iliyopewa muda zaidi.

Udhaifu wa sanaa hii upo katika maumbile yake. Ukuta wa udongo hudumu kadiri nyumba inavyotunzwa. Kila msimu wa mvua hula kitu, na kila mwaka mwenye nyumba hukandika upya. Kwa mkulima huo haukuwa upungufu: kuchora upya kulikuwa sehemu ya kuishi katika nyumba. Kwa mwanahistoria ni hasara kubwa, maana kazi ya vizazi vizima haikuacha hata kipande kimoja cha kuwekwa katika sanduku la kioo.

Kuta za Wasukuma na daftari la Hans Cory

Mfano wa pili unatoka mashariki ya Biharamulo. Wasukuma, ambao katika karne ya 20 walihamia kwa wingi kuelekea Geita na Biharamulo wakitafuta malisho na ardhi ya pamba, walikuwa na desturi ya picha za ukutani katika nyumba za chama cha wacheza nyoka, Bayeye. Hans Cory, Mwaustria aliyekuwa mtaalamu wa mila katika serikali ya Tanganyika na kuishi Mwanza, alizinakili na kuzichapisha mwaka 1953 huko London. Picha hizo zilichorwa ndani ya nyumba ya kufundishia wanachama wapya: nyoka, wanyama, watu na wahenga, kila kimoja kikiwa na maana iliyofafanuliwa wakati wa mafunzo.

Waliozichora walikuwa wakulima na wafugaji. Hakuna aliyeishi kwa brashi. Uchoraji ulikuwa wajibu ndani ya chama, kama kupiga ngoma au kujua dawa za sumu ya nyoka. Hapa tena neno "ridhaa" linashindwa, kwa kuwa linadhani kuwa mtu huchora ama kwa malipo ama kwa kujifurahisha. Mcheza nyoka hakuwa katika mojawapo ya hali hizo; alichora kwa sababu mafunzo yasingekamilika bila ukuta.

Cory aliziokoa picha hizo, na shukrani anastahili. Lakini namna alivyoziokoa ilizibadilisha: zilihama kutoka ndani ya nyumba yenye masharti zikawa kurasa zinazoweza kufunguliwa na yeyote. Bila daftari lake kusingekuwa na mjadala huu, na kwa daftari hilo kinachojadiliwa si kitu kilekile tena.

Picha za shamba zaletwa kijijini

Wakati kuta hizo zikiendelea kukandikwa, aina nyingine ya picha ya kilimo ilikuwa inazaliwa Makerere. Margaret Trowell, aliyeanza kufundisha uchoraji Kampala katika miaka ya 1930, aliwasimulia wanafunzi wake jambo la kijijini kisha akawataka walichore kwa namna walivyoliona akilini, bila kunakili picha za Ulaya. Kazi zao zilionyeshwa Namirembe mwaka 1938 na London mwaka 1939. Mmoja wa waliopita mikononi mwake alikuwa Sam Ntiro, aliyezaliwa Machame mwaka 1923. Ntiro alichora alichokijua: migomba, watu wakivuna, wakikata majani, wakijenga. Picha yake ya wanaume wakimpelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku, ya mwaka 1956, ilinunuliwa na Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa ya New York. Ntiro baadaye aliiwakilisha Tanganyika kama balozi mjini London, kisha akawa Kamishna wa Utamaduni.

Kwa hiyo maisha ya shamba yalipata heshima katika sanaa ya taifa kupitia mtoto wa shamba aliyekwenda shule. Jambo hilo ni la haki na halina kasoro. Kasoro ni kwamba, baada ya hapo, picha ya mkulima ikawa kitu kinachotengenezwa mbali na mkulima na kurudishwa kwake.

Marejeo hayo yalionekana wazi zaidi katika elimu ya watu wazima. Kati ya 1968 na 1972, Tanzania kwa msaada wa UNESCO iliendesha mradi wa majaribio wa kisomo chenye manufaa katika mikoa ya Ziwa: Mwanza, Mara, Shinyanga na Ziwa Magharibi, jina la Kagera kabla ya 1979. Makao yake yalikuwa Mwanza. Vitabu vya kusomea viliandikwa kwa kufuata kazi: pamba, ndizi, ng'ombe, uvuvi, maarifa ya nyumbani. Kila somo lilianza na picha. Mwalimu aliwauliza wanakisomo wanaona nini, mazungumzo yakaanza, kisha neno likaandikwa ubaoni. Gazeti la vijijini lililozaliwa katika mazingira hayo, Elimu Haina Mwisho, liliendeleza desturi hiyo. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilifuata kwa redio na vitabu vyenye michoro, nchi nzima.

Haya yalikuwa mafanikio makubwa, na si haki kuyabeza. Mkulima wa Ziwa Magharibi, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, alifungua kitabu akakuta mgomba. Lakini mgomba huo ulikuwa na kazi ya kufundisha: upande mmoja shamba lililopandwa bila mpangilio, upande wa pili lile lililopandwa kwa mistari. Mkulima alichorwa ama kabla ya kuelimishwa ama baada yake. Uchoraji wa mwanamke wa ukutani haukuwa na "kabla" wala "baada". Haukumwambia mtu abadilike. Tofauti hii haijatiliwa maanani vya kutosha na wanaoandika kuhusu kisomo.

Huxian na Hlebine

Swali la mkulima anayejichora si la Kagera peke yake, na mifano miwili ya mbali husaidia kulipima. Katika kijiji cha Hlebine, Kroatia, mchoraji msomi Krsto Hegedušić aliwatia moyo vijana wakulima, Ivan Generalić akiwa miongoni mwao, na mwaka 1931 kazi zao zilionyeshwa Zagreb pamoja na za kundi lake la wachoraji. Katika wilaya ya Huxian, mkoa wa Shaanxi, China, uchoraji wa wakulima ulianza mwaka 1958 wakati wa kampeni ya Kusonga Mbele kwa Hatua Kubwa. Mwaka 1973 picha za Huxian zilionyeshwa Beijing, kisha zikazungushwa Ulaya na Marekani: mavuno, mabwawa, nguruwe wanono, ghala zilizojaa. Zilitangazwa kuwa kazi za wakulima waliochora baada ya saa za kazi.

Utafiti wa baadaye ulionyesha kwamba wachoraji wa kitaaluma walipelekwa Huxian kuwafundisha na kusahihisha. Wengine walisema basi yote ilikuwa propaganda. Hukumu hiyo ni nyepesi mno. Mkulima aliyefundishwa kushika brashi bado ni mkulima, na hata Generalić alifundishwa. Kinachotofautisha ni nani anayeamua picha iwe ya nini. Huxian iliamuliwa na chama. Ukuta wa Gisaka uliamuliwa na mwenye nyumba, mumewe akiwa na neno moja au mawili.

Tanzania ya ujamaa, iliyokuwa rafiki wa China na iliyojenga reli pamoja nayo, haikuwa na Huxian yake. Ilihimiza ngoma, kwaya na ngonjera vijijini kuliko uchoraji. Sababu moja ni gharama: ngoma haihitaji karatasi wala rangi za dukani. Sababu nyingine ni kwamba viongozi walipofikiria uchoraji walifikiria karatasi na rangi za dukani, na hivyo ukuta na samadi havikuhesabiwa.

Vijiji, kambi na barabara ya Rusumo

Novemba 1973, Rais Nyerere alitangaza kwamba kuishi katika vijiji ni amri, na kazi ilitakiwa kukamilika kufikia mwisho wa 1976. Watu walihama kutoka migombani kwenda kwenye nyumba zilizopangwa kwa safu. Katika nchi ambayo nyumba, zizi na mgomba vilikuwa kitu kimoja, kuhama kulimaanisha kuacha jivu, ng'ombe na kuta pamoja. Kampeni za nyumba bora zilisifu tofali na bati. Ukuta wa kukandikwa ukawa dalili ya umaskini, na aliyekuwa na uwezo aliharakisha kuuondoa. Hakuna aliyekusudia kuua nakshi. Zilikosa mahali pa kukaa.

Ngara wakati huo ilikwisha kupokea wakimbizi wa Rwanda, waliokimbia machafuko yaliyoanza 1959. Baadhi yao waliwekwa Muyenzi. Yaliyotokea 1994 yalizidi mara nyingi. Tarehe 28 na 29 Aprili, takriban watu 250,000 walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa saa 24 hivi, na Benaco, eneo lililopewa jina la kampuni ya ujenzi wa barabara, likageuka mji wa turubai za plastiki. Miti ilikatwa kwa kuni hadi mbali. Kambi za Wanyarwanda zilifungwa Desemba 1996. Katika kambi hakukuwa na ukuta wa kufinyangwa wala ng'ombe wa kutosha, na ng'ambo ya pili, Gisaka, wengi wa wanawake waliojua ufundi walikuwa wameuawa au wamebaki wajane.

Ufundi uliofufuliwa baadaye huko Nyakarambi, kwenye barabara inayoteremka kwenda Rusumo, ulifufuliwa na ushirika wa wanawake, na ulifufuliwa kwa umbo jipya. Samadi haifinyangwi tena ukutani bali juu ya kipande cha ubao. Rangi za kale zipo, na za dukani zimeongezwa. Kipimo cha kazi si ukubwa wa chumba tena. Ni kile kinachoweza kuingia ndani ya gari la mnunuzi. Malori yanayotoka Kigali kwenda Dar es Salaam hupita mbele ya vibanda hivyo, huvuka daraja, na kilomita chache baadaye huingia Benaco, ambapo nyumba nyingi sasa ni za tofali za kuchoma na paa za bati, na kuta zake zimepigwa lipu na kupakwa rangi za matangazo ya kampuni za simu.